Hivi ni kitambi chenyewe kinacholeta kansa ya utumbo au ni vile tunavyokula?

#1 Mchunga Ngazi
Wakuu heshima kwenu. Kaka yangu mkubwa ana miaka 52, mwezi uliopita ametolewa vinyama vinne kwenye utumbo mpana, kimoja kilishaanza kubadilika. Sio kansa bado, ila daktari alisema kingeachwa miaka kadhaa tungekuwa tunaongea mengine. Sasa kilichonileta hapa ni maneno ya huyo daktari. Alimgonga kaka kwenye kitambi na vidole viwili akamwambia "hili sio ghala mzee, hiki ni kiwanda", eti mafuta ya tumboni yanatengeneza homoni na hizo homoni zinachochea seli za utumbo. Mimi nilikuwa najua mafuta ni akiba tu, yamekaa yanasubiri njaa. Alafu kaka huyo huyo anakula nyama asubuhi mchana na jioni, mboga za majani kwake ni pambo la sahani. Sasa mkosaji nani? Kama ni chakula basi hata mimi mwembamba nisijifariji, na kama ni kitambi basi yeye akipungua anaendelea na nyama zake kama kawa. Ameshachagua hilo la pili na ananisumbua nalo kila siku. Nisaidieni.

#2 Kipanga wa Juu
Natandika mkeka hapa. Wataalamu wakija mniamshe.

#3 Mzee Kijiti
Kiwanda cha homoni tumboni, tutasikia mengi mwaka huu. Wazee waliotutangulia walikula mafuta ya wanyama yale yanayoganda kwenye sahani na wakafika 90 wakiwa na meno yao. Shida ni hivi vya kwenye pakiti na makemikali yake. Mwambie kaka aache vya pakiti, nyama haina kesi.

#4 MwanaMaabara
Mchunga Ngazi pole, na aliyempeleka kaka kupima mshukuruni sana. Daktari kasema kweli kabisa. Hata vitabuni kwa muda mrefu mafuta yalichukuliwa kama akiba tu hivyo hivyo unavyosema wewe, mpaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake kule New York walipoipata leptini, homoni inayotoka kwenye seli za mafuta kwenda kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, punguza kula. Jina wamelitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Mtu mwenye mafuta mengi anakuwa na leptini nyingi, ila ubongo wake unaizoea hausikii tena, kama mtu aliyepanga chumba jirani na spika. Sasa seli za ukuta wa utumbo mpana nazo zina vipokezi vya leptini, na ukiimwaga kwenye sahani ya maabara yenye seli za kansa ya utumbo, zinagawanyika kwa kasi zaidi.

Ya pili ni adiponektini. Hii ni kituko, inatoka kwenye mafuta hayo hayo lakini kadiri tumbo linavyojaa ndo inavyopungua. Na ndio tunayoitaka, maana inaisaidia insulini kufanya kazi na inatuliza uvimbe wa ndani (inflamesheni, sio uvimbe wa kansa). Kwa hiyo mwenye kitambi kichochezi kimepanda na breki imelegea kwa wakati mmoja.

Nimewahi kuangalia mafuta ya tumboni ya mtu mnene kwenye hadubini. Seli ya mafuta ni puto tu, tone moja kubwa la mafuta limejaa kote na kiini kimebanwa ukutani kama abiria wa mwisho kwenye gari lililojaa. Puto likizidi kujaa linakufa, afu seli za kinga zinakuja kulizunguka duara, zinakaa kama taji. Hizo za kwenye taji ndo zinamwaga kemikali za uvimbe, TNF na interleukini 6, na zinaingia kwenye damu usiku na mchana. Huoni kidonda wala homa, ni moto wa pumba.

#5 Kipanga wa Juu
Nimeamka.

#6 Bi Tausi
MwanaMaabara somo zuri ila kwangu lina tundu. Mimi nilipata kansa ya utumbo mpana nina miaka 38 na kilo 51. Kitambi sijawahi kuwa nacho hata cha kusingiziwa. Sivuti, pombe situmii, nyama nakula nikikumbuka. Nilikaa miezi saba naambiwa ni bawasiri kwa sababu ni kijana na ni mwembamba, damu natoa na mimi nameza dawa za bawasiri nikijua napona. Siku nimepimwa vizuri nikakuta kitu kina sentimita nne. Ndo maana hizi habari za kitambi zinanitia hofu, sio kwamba ni uongo, ila zinafanya sisi wembamba tupuuzwe mpaka muda unapita.

#7 MwanaMaabara
Dada Tausi pole sana, na una haki ya kulalamika. Hapo mimi niliongea kama vile kitambi ndo mlango pekee, sivyo. Wapo wanaorithi jeni zenye hitilafu kama zile za ugonjwa wa Lynch, hao uzito wao uwe wowote hatari iko juu. Ulipimwa hiyo?

#8 Bi Tausi
Nilipimwa. Hakuna Lynch. Walisema "haijulikani" na mimi nikaondoka na hiyo haijulikani yangu mkononi. Nina miaka sita sasa tangu upasuaji, nipo.

#9 Hesabu Ndogo
Bi Tausi Mungu akuzidishie. Naomba niweke namba maana tunaongea kitambi kitambi bila kipimo. Uchambuzi mkubwa uliotoka kwenye jarida la Lancet 2008, kila BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ikipanda kwa 5, hatari ya kansa ya koloni, yaani utumbo mpana, kwa wanaume inapanda kama asilimia 24, kwa wanawake 9 tu. Na kwenye rektamu, ile sehemu ya mwisho, uhusiano ni dhaifu zaidi. Sasa kama kiwanda ni kile kile mbona wanawake wanaathirika kidogo? Maelezo moja ni kwamba wanaume wanaweka mafuta ndani, kuzunguka matumbo yenyewe, wanawake wengi yanakaa mapajani chini ya ngozi, na hayo ya chini ya ngozi hayana fujo sana. Maelezo ya pili ni estrojeni, homoni ya kike, kwenye utumbo inaonekana inalinda. Wanawake waliopewa homoni za kukoma hedhi, za mchanganyiko, kwenye utafiti mkubwa wa Marekani walipata kansa ya utumbo kidogo kuliko wenzao. Msiende kuzinunua lakini, zina mambo yake kwenye matiti.

Na kitu kingine watu wanasahau, wengi wanaanza kupungua kilo kabla hawajagundulika. Ukimpima uzito siku ya majibu unamuandika mwembamba, kumbe miaka mitano nyuma alikuwa na shati la saizi nyingine. Sisemi ndio kesi yako dada, nasema inachafua tafiti.

Mzee Kijiti, nyama ina kesi. 2015 shirika la utafiti wa kansa la WHO, IARC, waliweka nyama za kusindikwa kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa, na nyama nyekundu kundi 2A, la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha.

#10 Mzee Kijiti
Kundi la kwanza ndo kundi la sigara. Kwa hiyo soseji ni sawa na sigara? Mimi ndo maana siwaamini hawa watu.

#11 Hesabu Ndogo
Sio sawa mzee wangu. Kundi linasema ushahidi una nguvu kiasi gani, halisemi kitu kinaua kiasi gani. Mahakama inaweza kuwa na uhakika kwamba fulani kaiba kuku na uhakika huo huo kwamba mwingine kaua mtu, lakini hawafungwi miaka sawa. Kwa soseji, gramu 50 kila siku inapandisha hatari kama asilimia 18. Na hiyo 18 sio kwamba watu 18 kati ya 100 wanaumwa! Pale ambapo watu 4 kati ya 100 wangeipata maishani, inakuwa kama 5. Ni kidogo kwa mtu mmoja, kwa mamilioni ya watu ni wengi.

#12 Mzee Kijiti
Hiyo ya kuku nimeielewa. Naendelea kufikiri.

#13 Nyuzi Tatu
Mnapiga kelele za nyama, kinachokosekana hamkitaji. Faiba! Daktari Denis Burkitt alifanya kazi Uganda miaka mingi, akaona magonjwa yaliyojaa kwenye wodi za Uingereza huku ni nadra, kansa ya utumbo ikiwemo. Akaanza kupima choo cha watu, kweli kabisa, uzito wake na masaa kinayotumia toka mdomoni mpaka nje. 1971 akaandika kwamba tofauti ni nyuzinyuzi kwenye chakula. Chakula kikikaa muda mrefu ndani, uchafu wake unagusa ukuta muda mrefu. Siku hizi tunajua zaidi, nyuzi zile hatuzimeng'enyi sisi, zinaliwa na bakteria wa utumbo mpana, na bakteria wanatoa butireti. Seli za ukuta wa utumbo mpana zinakula hiyo butireti, ndo chakula chao kikuu. Ukila mafuta mengi bila nyuzi ni kinyume, nyongo inamwagika nyingi, bakteria wanaigeuza kuwa asidi kali zinazouchubua ukuta. Kaka wa mleta uzi akijaza nusu sahani maharage na nafaka isiyokobolewa, kitambi kitajisimamia chenyewe.

#14 Hesabu Ndogo
Nyuzi Tatu jina lako limekuponza 😂. Hiyo hoja ilipimwa. Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2000, watu kama 2,000 waliowahi kutolewa vinyama, nusu wakapewa lishe ya mafuta kidogo na nyuzi nyingi na matunda na mboga, nusu wakaendelea na yao. Baada ya miaka 4 vinyama vilirudi kwa karibu watu 40 kati ya 100 pande zote mbili. Sare ya bila kufungana.

#15 Nyuzi Tatu
Miaka 4 ni nini? Kinyama mpaka kiwe kansa kinachukua kama miaka 10 na zaidi, na wale tayari walishakuwa na utumbo uliozoea kuota. Ni kama kumwagilia shamba wiki moja kabla ya kuvuna. Afu watu kwenye tafiti hizi wanasema wamekula mboga, nani alikuwa jikoni kwao?

Chukua ile ya 2015, hapo chakula walipikiwa. Wamarekani weusi 20 na watu wa vijijini Afrika Kusini 20 wakabadilishana lishe wiki 2 tu. Wamarekani wakapewa nyuzi nyingi mafuta kidogo, wale wa vijijini wakapewa nyama na mafuta mengi. Wiki mbili! Wamarekani butireti ikapanda na uvimbe wa ukuta ukapungua, na wale wengine ikawa kinyume chake, seli zikaanza kugawanyika haraka. Na kwenye wiki mbili hakuna aliyeota wala kuyeyusha kitambi. Kwa hiyo chakula kina njia yake yenyewe, haipiti kwa homoni za mafuta. Hapo mleta uzi una jibu la kumpelekea kaka.

#16 Hesabu Ndogo
Hiyo nakupa. Ila dalili za kwenye ukuta sio kansa, nayo tuandike.

#17 Kitabu Wazi
Salaam wote, nimesoma toka juu. MwanaMaabara nakuheshimu ila leptini na adiponektini mmezipa ukubwa ambao hazina. Kuna njia ya kupima bila kumsumbua mtu, unaangalia jeni. Watu wanazaliwa na bahati nasibu, mwingine jeni zinampa adiponektini nyingi maisha yote bila kujali anakula nini. Kama adiponektini ndio mlinzi, hawa wangetakiwa wapate kansa ya utumbo kidogo. Wamewaangalia, hakuna tofauti ya kueleweka. Lakini waliorithi jeni za unene wenyewe, hatari inapanda. Maana yake unene una kesi lakini huyu shahidi wa adiponektini sio lazima ndiye aliyeshika kisu, huenda alikuwa amesimama tu pale.

Mimi naweka kura kwenye insulini. Kitambi kinafanya mwili usiisikie insulini, kongosho inamwaga nyingi zaidi, na insulini nyingi ni kama mbolea kwa seli, yenyewe na homoni ndugu yake IGF-1. Ushahidi uko wazi, wenye kisukari cha aina ya pili wanapata kansa ya utumbo zaidi. Na wale wenye akromegali, ambao tezi ya kichwani inamwaga homoni ya ukuaji mpaka viganja na taya vinakua ukubwani, IGF-1 yao iko juu na vinyama vya utumbo wanaviota zaidi ya watu wengine.

#18 MwanaMaabara
Hiyo ya jeni naikubali, na nikuongezee silaha dhidi yangu mwenyewe, kuna panya waliochomwa sindano za leptini na vidonda vya mwanzo vya kansa vikapungua badala ya kuongezeka. Kwenye sahani inachochea, kwenye mnyama inakataa. Lakini jeni zinapima kiasi kilichopo kwenye damu. Mafuta yanayozunguka utumbo yamegusana nao, homoni inaweza kuvuka hapo hapo bila kupanda sana kwenye damu ya mkononi unayochukua na sindano. Sijashindwa, nimerudi nyuma hatua moja. Na insulini unayoisema wewe, adiponektini ndo inayoisaidia kufanya kazi, kwa hiyo tunagombania mlolongo mmoja, wewe umeshika mkia mimi kichwa.

#19 Kitabu Wazi
Wewe ndo mkia. Ila sawa.

#20 Kiuno Sentimita
Nyie wasomi, mtu wa kawaida afanye nini? Mimi naona futi ya fundi nguo inatosha. WHO kwa wanaume sentimita 94 taa inawaka, 102 taa nyekundu, wanawake 80 na 88, ingawa kwa baadhi ya jamii za Asia wanashusha. Hakikisha unapima sio kwenye mkanda wa suruali! Wanaume wengi suruali inakaa chini ya kitambi kwa hiyo anasema "mimi navaa 34" tangu sekondari. Tafuta mbavu ya mwisho, tafuta mfupa wa nyonga, katikati yake ndo unazungusha, toa pumzi kawaida, usinyonye tumbo. Mimi mara ya kwanza nilitoka 91, mke wangu akanipima tena nimesahau kujikaza, 99.

#21 Mzee Kijiti
😂😂 Sentimita 8 za aibu. Sasa mimi nina futi sita na inchi mbili, mwembamba kama mwongoti, sina hata moja kati ya haya. Nawaombea wenye vitambi.

#22 Hesabu Ndogo
Mzee sikutaka kuisema hii. Warefu nao hatari iko juu kidogo. Na inahesabiwa kwenye ushahidi wenye nguvu kabisa. Inadhaniwa ni hiyo hiyo IGF-1 ya Kitabu Wazi, iliyokurefusha ujanani, na utumbo mrefu una seli nyingi za kukosea.

#23 Mzee Kijiti
Sasa nifupishwe?

#24 Kipanga wa Juu
Uzi wa wiki huu 😂

#25 Subira Mwendokasi
Mimi sina sayansi nina kamera. Nimeshapigwa kamera ya nyuma, ile ya kuangalia utumbo mpana, mara mbili, wanaoogopa naomba wasome. Kibaya sio kamera, kibaya ni usiku wa kabla. Unapewa dawa ya unga unachanganya na maji lita kadhaa, ladha yake ni kama bahari iliyotiwa limao, unakunywa glasi kila robo saa, na baada ya hapo usiende mbali na choo hata kama simu inaita. Mpaka kinachotoka kiwe maji ya njano unayoweza kuona chini. Kesho yake wakanichoma sindano ya usingizi mwepesi, ile ya pili niliomba nisilale sana nikaona kwenye skrini. Ukuta wa utumbo ni waridi, unang'aa, una mishipa kama ramani. Afu kwenye kona kimesimama kitu kama uyoga mdogo wenye shina. Wakapitisha kitanzi cha waya, wakakikaza shinani, moshi kidogo, kimekatika. Sikusikia chochote. Nikawa namuangalia yule uyoga anaelea najiuliza umekaa humu miaka mingapi tunaishi wote. Majibu yakaja adenoma, kinyama kinachoweza kugeuka kansa, kurudi baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo leptini, insulini, nyuzi, gombaneni, mimi wangu ameshakatwa.

#26 Bi Tausi
Subira hapo umeongea. Na Marekani umri wa kuanza kupima wameushusha toka 50 mpaka 45 mwaka 2021 kwa sababu vijana wanaongezeka, na wengi wao hawana hicho kitambi. Hiyo hakuna aliyeielezea kwenye huu uzi wote.

#27 Nyuzi Tatu
Vinywaji vya sukari, antibayotiki za utotoni, bakteria waliobadilika, vyote vinatajwa. Hakuna kilichoshinda.

#28 MwanaMaabara
Na unene wa utotoni. Kuna ambaye mkubwa ni mwembamba ila alikuwa bonge darasa la tatu.

#29 Bi Tausi
Mimi darasa la tatu walikuwa wananiita sindano. Tuliache.

#30 Mchunga Ngazi
Nimerudi wakuu, shukrani sana, nimemsomea kaka uzi wote kwa sauti. Yaliyomuingia ni matatu: kwamba kisa cha soseji ni cha mwizi wa kuku, kwamba faiba ilitoa sare, na kwamba mfupi kama yeye ana nafuu. Nilipofika kwenye ile ya watu kubadilishana lishe wiki mbili akasema simu yake inaita. Ila futi alikubali. Namba siitaji hapa, nilimuahidi.

#31 Bi Tausi
Mchunga Ngazi, kaka yako ana 52 na mmoja wa vinyama vyake alishaanza kubadilika. Wewe ni ndugu wa tumbo moja. Wenye ndugu wa hivyo wanashauriwa kuanza kamera wakifika 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika ndugu, inayotangulia. Umeuliza mkosaji nani siku mbili nzima. Wewe una miaka mingapi?

#32 Mchunga Ngazi
44. Ila mimi ni mwembamba dada.

#33 Bi Tausi
Kilo 51.

#34 Mchunga Ngazi
Nimekuelewa. Subira, hiyo ya unga, ukiiweka kwenye friji inanyweka?

#35 Subira Mwendokasi
Ya baridi ni afadhali, tumia mrija, upeleke nyuma ya ulimi. Na chaji simu kabla.